Tulioshusha Wastani

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mdogo wake wa kiume, chini ya maturubai nje ya kanisa huko Ushirombo, na mwaka ule ulipewa sentensi moja tu: baada ya masomo ya falsafa, marehemu alifanya mwaka wa uchungaji mjini Kahama, kisha akaongezewa mwaka mwingine. Msomaji akafunua ukurasa, akaendelea na upadrisho, parokia alizotumikia, visima alivyochimbisha, na figo zilizomsumbua mpaka mwisho. Nilitazama umati. Mapadre, masista, wakulima wa Bukombe waliokuja kwa baiskeli, wachimbaji wenye vumbi hadi kwenye nyusi, na sidhani kama walikuwepo wengi waliojua kwa nini mtu mwenye akili ile alicheleweshwa. Frateri akiongezewa mwaka, watu hujimalizia wenyewe: labda pombe, labda binti. Mabinti tulikuwepo, tena wawili, lakini si kwa maana hiyo. Mmoja ni mimi. Mwingine, Kabula, alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye benchi, amevua viatu, analia bila kujificha, na kila akipenga kamasi alinigonga kwa kiwiko.

Ndani ya mkoba simu yangu ilikuwa ikitetemeka. Nilijua ni nani. Mimi ni Mkuu wa shule moja ya sekondari Shinyanga, na mwalimu wangu wa taaluma alikuwa ananitafuta tangu mwanzoni mwa wiki kwa ajili ya kile alichokiita pendekezo. Wapo wanafunzi wa kidato cha nne ambao hawatafanya vizuri, kila mtu anajua. Tukiwaandikisha kwetu wataushusha wastani wa shule. Tukiwatafutia kituo kingine wafanye mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, wastani utapanda na wakubwa wataacha kututaja vikaoni. Alitaka neno moja tu kutoka kwangu, na dirisha la usajili lilikuwa linakaribia kufungwa. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Nilitaka kwanza nimzike aliyenipa jibu hilo.

Mwaka ule tulikuwa tumepanga Nyasubi, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mama Masanja, mjane aliyeuza mchele sokoni na kuongoza jumuiya ya mtaa wetu. Shule ilikuwa ya kutwa, na sisi tuliotoka mbali tulijitafutia vyumba, tukaviita mageto. Geto letu lilikuwa na vitanda viwili vya mbao, kamba ya nguo iliyokatiza katikati, jiko la mkaa nyuma ya mlango, na ukuta mmoja uliokuwa pia ukuta wa stoo ya mchele, kwa hiyo vitabu vyetu vilinuka pumba mwaka mzima. Tulikuwa watatu na tulijiona tumebanana. Mwanzoni mwa kidato cha nne akaja Kabula kutoka Ushetu, amebeba gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, na nguo zake zote zinanuka tumbaku, maana kwao waliilima na kuikausha wenyewe. Nilimwambia Mama Masanja kwamba chumba kimejaa. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akakikagua kama anayekagua gunia la mchele wa mtu mwingine. "Kimejaa nini, Modesta? Mimi naona masanduku tu. Sogeeni." Tukasogea. Tangu siku hiyo tulilala wawili wawili, na Kabula akapangwa na mimi, na miguu yake ilikuwa ya baridi kama ya chura.

Tulikula sinia moja. Alipoongezeka wa nne, unga uliongezeka kidogo lakini haukuongezeka kwa mtu mzima, na nisiseme uongo, nililiona tonge langu likipungua. Dagaa walikuwa wale wale. Lakini Kabula alikuja na michembe, na michembe ile ikichemshwa pamoja na karanga zilizotwangwa ni chakula ambacho mpaka leo nikikila nafumba macho. Alikuja pia na kuigiza. Angeweza kumwigiza Mkuu wa shule mpaka namna alivyovuta suruali juu kabla ya kusema neno "nidhamu", na Mama Masanja aliyekuwa akipepeta mchele uani alikuwa akiacha ungo aje kusikiliza, machozi ya kicheko yakimtoka. Darasani Kabula alikuwa wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho siku ambayo mwenzake hakuja. Uvivu hakuwa nao. Msimu wa kuchuma tumbaku aliitwa nyumbani, na kila akirudi alikuta tumeshavuka sura mbili za kitabu, na hakuna aliyekuwa na muda wa kurudi nyuma kumchukua.

Frateri Deusi aliletwa shuleni kwetu mwaka huo huo afundishe dini na Uraia. Huo ndio mwaka wa uchungaji: wakubwa wa seminari humtoa kijana vitabuni, wakampeleka akaishi na watu, na mwisho wa mwaka aliyempokea huandika ripoti kama anafaa kuendelea na safari ya upadre. Aliyempokea yeye alikuwa Mkuu wetu, Mwalimu Gervasi. Frateri alikuwa mrefu na mwembamba, suruali zake zote ziliishia juu ya kifundo cha mguu, na alikuwa ametoka kwenye falsafa kichwa kimejaa mafumbo. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa, saa ambayo walimu wengine hutuandikia ubao mzima tunakili, yeye alikaa juu ya meza na kuninginiza miguu. Alimnyooshea kidole wa kwanza aliyemtazama. "Wewe ni Mungu. Usicheke. Unaruhusiwa kuumba duara moja tu." Duara ndilo jina la shimo la dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na kila mmoja wetu alikuwa na kaka au mjomba aliyewahi kushuka kwenye moja, kama si Bugarama basi Geita. "Duara la kwanza lina watu kumi. Kila siku wali na nyama, wanalalia magodoro. Duara la pili lina watu elfu. Ugali na dagaa, wanalala kwenye maturubai, lakini wanaoa, wanacheka, hakuna anayejuta kuzaliwa. Unaumba lipi?"

Tulipiga kelele mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta. Wengi tulichagua la watu kumi, kwa sababu kila mtu humo alikuwa anaishi vizuri. "Kumbe kipimo chenu ni wastani," alisema Frateri, akisugua mikono. "Haya. Kwenye duara la watu kumi azaliwe wa kumi na moja. Yeye anakula wali maharage. Hakumpunguzia mtu nyama yake. Anayapenda maisha yake, anaimba akioga. Lakini wastani umeshuka. Je, dunia imeharibika kwa sababu yeye amezaliwa?" Hapo kelele zikapungua. Kengele ikalia akiwa ametuacha papo hapo, bila jibu, na wiki nzima tuligombana juu ya mtu wa kumi na moja kana kwamba ni mpangaji wetu. Ijumaa iliyofuata akaleta wodi. Wodi ina wagonjwa, wote wana maumivu makali ya kuwafanya walie. Analetwa mgonjwa mwingine, naye analia, ila maumivu yake yamepungua kidogo kuliko ya wenzake. "Wastani wa wodi umepanda," alisema Frateri. "Daktari aandike kwamba hali imekuwa nzuri?" Hakuna aliyekubali. Kabula, ambaye alikuwa haonyeshi mkono darasani hata akitaka kwenda chooni, akanyoosha. "Frateri, samahani. Huo wastani unahesabu na waliokwisha kufa?" Frateri akasema wapo wanaosema uhesabu wote waliowahi kuishi. "Basi mimi kabla sijazaa inabidi niulize mababu walikuwa wanakula nini? Kama walishiba sana, mwanangu ni kosa?" Darasa zima liliangua kicheko. Frateri peke yake hakucheka. Aliruka kutoka mezani, akaliandika swali lake ubaoni kwa herufi kubwa, akasema kuna watu wazima wameandika vitabu vinene mpaka wakafika pale. Kabula alijifunika uso kwa daftari, na siku hiyo alitupikia yeye ingawa haikuwa zamu yake.

Mwalimu Gervasi alikuwa na tabia ya kupita barazani akisikiliza madarasa, mikono nyuma. Ijumaa ya duara alisimama dirishani mpaka kengele ikalia. Ijumaa ya wodi alikuwa safarini Shinyanga mjini. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko inavyostahili. Hakuwa mtu mbaya. Shule ile aliikuta wazazi wanaikimbia, vioo vimevunjika, walimu wanauza karanga saa za kazi, na aliinyanyua kwa ukali wake mwenyewe. Kila mwezi alibandika wastani wa kila darasa kwenye ubao wa matangazo, na ukipanda alitembea siku nzima akipiga mluzi. Ofisini mwake kulikuwa na kabati la kioo la kuwekea vikombe vya ushindi, na ndani yake aliweka maboksi ya chaki kwa sababu kikombe hakikuwepo hata kimoja. Alikuwa na njaa ya kikombe, na nadhani njaa hiyo ilikuwa ya kweli na ya heshima.

Jumatatu moja, paredi, aliwaita mbele wanafunzi wanane wa darasa letu, mmoja mmoja kwa jina. Kabula alitoka akitabasamu, alidhani ni zamu ya usafi. Mkuu akasema kwamba hao wanane watafanya mtihani wa taifa kama watahiniwa wa kujitegemea, kwenye kituo kingine mjini, ili shule ipate wastani inaoustahili. Hapo hapo tulielewa maana yake. Alama zao za darasani za miaka yote zisingehesabiwa, na mtahiniwa wa kujitegemea hakuchaguliwa na serikali kuingia kidato cha tano, hata angefaulu vipi. Mkuu akavuta suruali juu. "Msione nimewaonea. Frateri amewafundisha wenyewe. Duara la wachache wanaokula nyama, ndiyo dunia nzuri. Au sivyo, Frateri?" Frateri alikuwa amesimama mwisho wa mstari wa walimu. Alitazama viatu vyake. Tulitawanyika. Kabula hakulia. Aliniuliza tu kama siku hiyo tunaruhusiwa bado kukaa darasani.

Jumamosi jumuiya ilisali uani kwa Mama Masanja, na baada ya sala watu walipotawanyika, Mkuu na Frateri walibaki barazani wakila wali. Sisi tulikuwa chumbani tunachambua mchele, kati yetu na wao kuna pazia tu. Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. "Mkuu, lile lilikuwa fumbo," alisema Frateri. "Linawekwa ili lipingwe."

"Mimi sikuona ulipolipinga."

"Wiki iliyofuata. Hukuwepo."

"Kula, Frateri, wali unapoa." Nikasikia kijiko kikigonga sahani. "Nisikilize. Nikipata wastani mzuri mwaka huu, mwakani nitajaza madarasa. Nitapewa walimu. Watoto mamia watafaidi. Wewe unaniletea habari za wanane."

"Hao mamia hawajafika bado, Mkuu. Hawa wanane wapo."

"Na ripoti yako ipo mezani kwangu," alisema Mkuu kwa upole kabisa, kama anayemkumbusha mgeni asisahau mwavuli.

Kabula alikuwa anaendelea kuchambua mchele, kichwa chini, anatupa vijiwe pembeni. "Mode," aliniambia kwa sauti ndogo, "kwetu mimi ni wa tisa. Mama alipokuwa na wanane, nyama ilikuwa imeshakuwa ya Krismasi tu. Nikazaliwa mimi, nikaipunguza tena. Hakuna siku hata moja waliyoniambia. Baba alikuwa ananiita mgeni wake. Sasa nimekuja kuambiwa huku Kahama, kwenye paredi." Halafu akainuka, akachukua nguo zake kwenye kamba, akaanza kuzikunja. Alisema kesho yake anarudi Ushetu, tumbaku haina neno na mtu wa mwisho. Nilizichukua zile nguo mikononi mwake nikazirudisha kwenye kamba. Akazitoa. Nikazirudisha. Nilikuwa nimekasirika hasira ambayo sijawahi kuipata tena mpaka leo, hasira safi, isiyo na woga ndani yake. Nilimwambia asiondoke mpaka nizungumze na Mkuu. Aliuliza nitamwambia nini. Nilikuwa sijui, lakini nilikuwa wa kwanza darasani tangu kidato cha kwanza, na nilianza kuona kwamba katika hesabu ya Mwalimu Gervasi, mimi nilikuwa ndiyo nyama yenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Modesta. Kaa."

Sikukaa. Nilisimama mbele ya lile kabati la chaki. Nilimuuliza wale wanane wakishaondoka, nani atakuwa wa mwisho darasani. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. "Kwa sababu na yeye atakuwa anashusha wastani, Mwalimu. Utamtoa. Halafu atapatikana mwingine wa mwisho. Ukiendelea hivyo nitabaki mimi peke yangu. Tutaongoza mkoa, lakini sitakuwa na wa kuniazima rula." Alicheka. Alikuwa ananipenda, na alicheka kwa kweli, akaegemea kiti. "Ndiyo maana siendelei. Nimeishia kwa wanane. Kuongoza ni kujua pa kuishia, hilo utalijua ukubwani."

"Basi ishia kwa tisa. Niandikishe pamoja nao."

Kicheko kiliisha taratibu usoni mwake. Sikuhitaji kumweleza. Mtu wa kwanza akitoka, wastani unaanguka kuliko alivyoweza kuuangusha Kabula. Alianza kwa kunitisha, akaja kunibembeleza. Alinikumbusha kidato cha tano. Nikasema najua. Alinikumbusha mzazi wangu. Nikasema najua. Mwisho akainama mbele, akaniuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima. "Unafikiri Kabula atafaulu?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mimi najua. Hatafaulu. Unataka kutupa miaka yako kwa mtu ambaye hatafaulu?"

Nilisema kwamba sikuja kumwombea kwa sababu atafaulu. Nilikuja kwa sababu ni wa darasa letu. Akasema niende nikafikiri. Nikamwambia nimeshafikiri, nikatoka. Alinisubiri nirudi. Mpaka siku ya mwisho ya usajili aliniangalia kila nikipita, na mimi niliangalia mbele. Hakuna mwingine katika darasa zima aliyeungana nami, na sikuwalaumu, kila mtu ana kwao. Lakini Mkuu naye hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya mtoto wa shule. Aliniandikisha na wale wanane.

Ndipo Frateri alipopata ulimi wake. Kulikuwa na kikao cha wazazi, ukumbi umejaa, na Mkuu akarudia habari ya duara la wali na nyama. Frateri akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Ndugu wazazi, mfano huo ni wangu. Niliufundisha kwa vipindi viwili, na Mkuu alibahatika kusikia kimoja. Naomba nimalizie." Wazazi wakacheka, wakadhani ni utani wa kanisani. Akawaeleza wodi ya wagonjwa, na jinsi wastani unavyoweza kupanda bila mtu hata mmoja kupona. Akasema unaweza pia kuupandisha kwa kumtoa mtu nje na kufunga mlango, na waliobaki ndani wasipate hata punje ya ziada. "Mtaniuliza basi tupime kwa kitu gani," alisema. "Sina kipimo kamili. Nikisema tuhesabu jumla tu, nitalazimika kusifu dunia iliyojaa watu wasio na kitu zaidi ya michembe mitupu na pumzi. Hilo nalo silikubali. Nimesoma miaka mitatu na bado sijui. Lakini hawa watoto wanane si fumbo. Wamekaa pale dirishani. Na wa tisa yuko nao." Mama Masanja alipiga makofi peke yake. Wazazi wengi walitazama chini, kwa sababu watoto wao walikuwa upande wa ndani wa mlango. Uamuzi haukubadilika. Mkuu alimshukuru Frateri kwa mchango wake, akafunga kikao kwa sala.

Tulisomea baraza la Mama Masanja mpaka siku ya mtihani. Frateri alikuja kila jioni akitoka shuleni, akatufundisha hata masomo ambayo hakuyajua vizuri, akasoma kitabu cha Baiolojia mbele yetu huku akishangaa kuliko sisi. Mama Masanja alipika uji wa sufuria kubwa na hakuuliza ni wa watu wangapi. Siku za mtihani, kwenye kile kituo cha ugenini, tulimkuta Frateri getini asubuhi na chupa ya chai na matobolwa, viazi vile vilivyochemshwa kabla ya kukaushwa, amevifunga kwenye gazeti. Alitupa kila mmoja kipande, akatuita kwa majina. Sijui kama aliwahi kutuombea kwa sauti. Alitugawia tu na kusema twende.

Shule iliongoza mkoa. Kikombe kiliingia kabatini na chaki zikatafutiwa mahali pengine. Ripoti ya Frateri nayo Mkuu alikuwa ameshaiandika, na Frateri akaongezewa mwaka. Mkuu hakukosea hesabu, na hili nalisema wazi kwa sababu watu huwa wanataka nilipindishe. Kabula alipata daraja la nne, mkiani kabisa, na wenzake wawili hawakupata kitu. Mimi nilipata daraja la kwanza ambalo halikunipeleka popote. Nilikwenda chuo cha ualimu, nikafundisha watoto wa darasa la tatu, nikasoma kidato cha tano na cha sita kwa kujitegemea, nikafika chuo kikuu nikiwa mama mtu mzima, wenzangu wa darasa wananiamkia. Kuna miaka nilichoka. Kujuta, hapana. Nikisimulia habari hii, msikilizaji hungojea nimwambie kwamba Kabula alikuja kuwa daktari, na uso wake huanguka nikisema analima mpunga Ushetu, ana watoto saba na magoti yanamuuma. Nimewachoka watu hao. Wanataka Kabula awe amelipa nafasi yake ndipo wamruhusu kuwa nayo. Yule mtu wa kumi na moja wa Frateri hakulipa chochote. Alikula wali maharage akaimba akioga, na mimi, baada ya miaka yote hii ya kufundisha watoto kutafuta wastani ubaoni, sijaona dunia ilipoharibika.

Tulipotoka makaburini chakula kilikuwa tayari, wali na maharage, nyama kidogo kwa wenye bahati, na watu walikuwa wengi kuliko walivyotarajiwa. Tulipata sahani zetu tukarudi kwenye benchi letu chini ya turubai, tumebanana bega kwa bega. Kabula alikuwa ameacha kulia na ameanza uchokozi. "Mimi saba, wewe mmoja," alisema, mdomo umejaa. "Wastani wetu wanne. Njoo uchukue wako watatu, tena uanze na wale wa ada." Nilicheka mpaka sista mmoja akageuka kutuangalia. Simu ikatetemeka tena. Safari hii niliipokea hapo hapo, sahani mapajani. Mwalimu wa taaluma aliniuliza, kwa adabu yake, wale wa chini tuwapeleke kituo gani.

"Hapa kwetu," nilisema. "Waandikishe wote."

"Mkuu, wastani wetu?"

"Utashuka. Waandikishe leo, nikifika kesho nikute tayari." Nikaizima. Kabula alikuwa ameacha kutafuna, ananitazama. Alinichotea nyama yake akaiweka kwenye sahani yangu, nami nikamrudishia nusu.

Yeye ndiye aliyemwona kwanza. Mzee mmoja alikuwa amesimama ukingoni mwa turubai, fimbo mkono huu, sahani ya wali mkono ule, inatetemeka mpaka punje zinadondoka. Amechelewa, mabenchi yamejaa, na waliokuwa karibu naye wapo kwenye maongezi yao. Suruali yake ilikuwa imefungwa juu sana, karibu na kifua. Nilimtambua kwa hiyo suruali. Nilibaki na kijiko changu mkononi, na sitadai kwamba moyo wangu ulikuwa mweupe.

"Mode," alisema Kabula, "sogea."

Nikasogea, na aliyekuwa pembeni yangu akasogea, mpaka sista wa mwisho akabaki na nusu ya benchi. Kabula aliinuka akampokea mzee sahani, akamshika kiwiko, akamleta.

"Shikamoo, Mwalimu," tulisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Macho haya siku hizi hayanisaidii." Alitugeuzia uso, mmoja kisha mwingine. "Ninyi ni wa mwaka gani?"

Nilimwachia Kabula ajibu.

"Wa mwaka ule tulioongoza mkoa, Mwalimu," alisema. "Kaa, nafasi ipo."

Akakaa katikati yetu, na benchi likalia.